Usukani wa Kitinda

Pale shule ya udereva walimwita Mwalimu Taratibu, maana hilo ndilo neno alilolisema tangu asubuhi mpaka jioni. Mwanafunzi akiachia klachi kwa pupa, taratibu. Akikata kona kama anayekimbizwa na nyuki, taratibu. Mumewe, ambaye ni fundi rangi, aliapa kwamba hata usingizini alimsikia akilitamka.

Alikuwa mama wa makamo, mfupi wa kimo, na sauti yake haikupanda hata gari lilipopanda ukingo wa barabara. Udereva aliutoa kwa baba yake. Mzee aliendesha malori ya masafa marefu ujana wake wote na utu uzima wake wote. Taratibu, mtoto wake wa kwanza, alikuwa kila lori likirudi anakimbia kulipokea, anaparamia ngazi, anaushika ule usukani mkubwa unaonuka jasho na kuiga mlio wa injini kwa mdomo mpaka mate yanamruka. Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, yeye akipandishwa humo alitapika. Kwa hiyo mtu yeyote wa ukoo angekuambia bila kufikiri nani kati ya wale wawili amerithi mikono ya mzee.

Mtu yeyote, isipokuwa mzee mwenyewe. Siku Taratibu alipopata leseni alikwenda nayo nyumbani karibu akimbie. Mzee aliigeuza huku na huku, akasema, "Usigonge watu," akamrudishia. Aliponunua gari lake la kwanza, mzee alilizunguka, akasema rangi ni nzuri, akaingia ndani. Hakuwahi kulipanda. Akienda sokoni, basi. Akienda msibani, basi. Baadaye kiharusi kikampitia, kikamwachia mguu mmoja mzito, na Taratibu akajisemea sasa atakubali kupelekwa kliniki.

"Usijisumbue, mwanangu," mzee alimwambia. "Nina mkongojo, na basi linasimama pale pale mlangoni."

Taratibu akabaki na funguo mkononi, kama mtu aliyetoa mkono wa salamu ukaachwa hewani.

Jambo hilo lilimkaa rohoni, lakini alilibeba kimya kimya, mpaka Kitinda alipoingia kwenye mambo ya mashindano.

Kitinda, jina la utotoni ambalo halikumwachia hata alipoota mvi, alikuwa mfamasia. Mtu wa miwani na mikono laini, aendaye kazini kwa baiskeli. Leseni hakuwa nayo wala hakuitafuta. Ila kwenye kile chumba cha uani, ambacho zamani kiliwekwa magodoro ya wageni, aliweka kompyuta na skrini pana, na kila Jumamosi alasiri alishindana mbio za magari na watu wa mbali asiowajua hata sura. Mwanzoni alitumia usukani mdogo wa plastiki. Taratibu aliuita sahani. Mzee, ambaye alikaa mtaa wa pili kutoka kwa mwanawe huyo, akaenda siku moja kutazama. Akaenda tena. Mwisho Jumamosi ikawa ni yake, haulizwi tena anakwenda wapi.

Aliyemletea Taratibu habari ni wifi yake, mke wa Kitinda, tena kwa nia njema kabisa.

"Wifi, ungemwona Baba! Anakaa pembeni yake, mkongojo kaulaza, anampigia makelele: kata, kata sasa, achia breki. Juzi kamwambia, 'Una mkono wewe.' Basi bwana yule kavimba kichwa, hata chakula hakuli sawasawa."

Taratibu alicheka naye. Kisha akaaga kwamba anakwenda kunawa uso, akafungua bomba la bafuni likatiririka, akasimama tu. Una mkono. Nusu ya mji ule ilijifunza kuendesha kwake, na neno lile alikuwa hajalisikia hata kwa bahati mbaya. Leo amepewa mtu anayetapika ndani ya gari.

"Una wivu," mumewe alimwambia jioni ile, alipomwona akimenya viazi kana kwamba vimemkosea.

"Wivu wa nini? Wa mchezo wa watoto?"

"Mimi sijui. Waulize hao viazi."

Hazikupita siku nyingi, Kitinda akampigia simu.

"Dada, nimenunua usukani mwingine. Huu ndani una mota. Gari likiteleza kwenye skrini, usukani unakuvuta mkononi kama gari la kweli. Tatizo, mimi gari la kweli silijui linavutaje. Njoo unisaidie kuuweka."

"Mimi si fundi wa kompyuta."

"Kompyuta niachie mimi. Nataka mikono yako."

Alitaka kukataa. Lakini lilikuwa na utamu wake, kuombwa mikono na huyo mwenye mkono. Akasema atakuja.

Jumamosi asubuhi alikuta chumba cha uani kimejaa maboksi na harufu ya plastiki mpya. Kiti kilikuwa kiti cha gari kuukuu kilichopigwa misumari juu ya mbao. Lile boksi la mota, ambalo usukani unachomekwa mbele yake, lilikuwa zito kama betri ya lori. Kitinda alikuwa amelibana kwenye meza ya kusomea kwa vibanio vyake.

"Meza hii itatembea," Taratibu alisema.

"Haitembei, nimekaza."

Akaushika usukani kwa mikono miwili akauvuta. Meza ikatembea. Wakatafuta mbao nene, wakatoboa, wakafunga kwa nati na bolti mpaka kila kitu kikawa kitu kimoja na kiti. Pedali nazo ziliteleza kwenye marumaru kila zilipokanyagwa, na Taratibu akaziegemezea ubao uliogota ukutani. Ndipo Kitinda akachomeka nyaya na kuwasha. Usukani ukajizungusha wenyewe kushoto hadi mwisho, ukajizungusha kulia hadi mwisho, kama mtu anayejinyoosha akiamka, kisha ukatulia katikati.

Kazi ya kuurekebisha ndiyo iliyowachukua muda. Kwenye skrini palikuwa na mistari yenye vitufe vya kusogeza: mmoja wa nguvu ya mota, mwingine wa uzito wa usukani, mwingine wa mitetemo ya barabara. Kitinda alisogeza kimoja, Taratibu akaendesha kidogo na kusema.

"Hapa panapiga. Gari halikupigi, linakunong'oneza. Punguza."

"Hivi?"

"Bado. Ehe, hapo. Sasa sikia, tairi za mbele zikianza kuteleza, usukani unatakiwa ulegee mkononi. Ndiyo habari yenyewe hiyo. Huu wako unabaki mgumu vile vile, utajuaje kwamba gari limekutoka?"

Kitinda alisogeza, akakaa kitini, akajaribu, akageuka uso ukiwa umemfunguka. "Nimeisikia, Dada. Umelegea, halafu ukashika tena." Alimsikiliza kama mwanafunzi bora aliyewahi kuwa naye. Wakajikuta wanacheka juu ya yale matapishi ya utotoni, na kwa muda ule Taratibu alisahau kabisa kwamba moyoni alikuja na kijicho.

Ndipo mkongojo ukasikika uani.

"Umefika usukani?" mzee aliuliza, hata kabla ya salamu. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Umefika, Baba," Kitinda akasema. "Dada ndiye aliyeurekebisha. Acha aanze yeye."

Taratibu akakaa. Hakuwahi kuendesha huku baba yake akimtazama. Akaweka mikono mahali pake, akaondoka vizuri, akabadilisha gia vizuri. Lakini yeye gari alizoea kulisikia kwa mgongo na makalio, na kile kiti kilikuwa bubu. Mwendo hakuujua. Kona ya kwanza ilimjia kama mlango uliofunguliwa ghafla, akaingia ukutani. Akaanza tena. Ukutani tena.

Mzee akacheka. Hakuwa na ubaya, kilikuwa kicheko cha mtu mwenye furaha, lakini kilitoka tumboni. "Mwanangu, huku hakuna taratibu. Mpishe mwenzako."

Mpishe mwenzako. Taratibu akainuka. Kitinda akakaa, akazunguka barabara ile yote bila kugusa ukingo, na mzee akauweka mkono begani kwa mwanawe, ukakaa pale pale mpaka mwisho.

Wifi akaita chakula tayari. Wanaume wakatangulia, mmoja akimshika mwenzake kiwiko. Taratibu akasema anakusanya makaratasi ya maboksi, anakuja. Alibaki peke yake na ile skrini. Mashindano yalikuwa baada ya kula. Akakishika kile kitufe cha nguvu ya mota, akakisukuma mpaka kikagota mwisho wa mstari.

Hakutaka mtu aumie, hilo alijiapia baadaye. Aliona tu picha moja: Kitinda anaondoka kwa mbwembwe, kona ya kwanza usukani unamnyang'anya gari, anayumba kama mlevi mbele ya wenzake wote wa mbali, na mzee pembeni anajionea mkono uko wapi. Kitu kipya kila mtu anajua kinasumbua. Nani angemhisi? Akaenda, akanawa, akala, hata akasifu mchuzi.

Baada ya kula alibaki jikoni akisaidiana na wifi yake kukusanya vyombo. Kutoka uani akasikia pedali zinakanyagwa na mota inanguruma. Akatega sikio huku anafuta sahani, na tabasamu dogo likimchezea.

Kitinda akatokea mlangoni na glasi tupu. "Dada, nipe maji ya Baba. Anaupasha moto kidogo kabla sijaanza."

Sahani ilimponyoka Taratibu. Kabla haijafika chini walisikia kishindo, na sauti ya mzee, fupi, kama ya mtu aliyekanyaga mwiba.

Walimkuta ameukumbatia mkono wake wa kulia kifuani, uso umekuwa wa majivu. Aligonga ukuta, na dereva wa zamani hafundishwi kuachia usukani. Aliushikilia, nao ukazunguka kwa nguvu zake zote ukamkamata kidole gumba. Hata sasa ulikuwa bado unatikisika wenyewe. Kitinda akarukia waya akaung'oa.

"Ni mimi," akawa anasema, waya bado mkononi. "Ni mimi, Baba. Nimeacha nguvu juu, sijui nilikosea wapi. Nimekuumiza."

Taratibu akafumbua mdomo. Kilichotoka ni, "Nakwenda kuwasha gari."

Gari lililokuwa karibu lilikuwa lake. Kwa hiyo siku hiyo, baada ya miaka yote ya kuisubiri, baba yake alipanda gari lake. Alikataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma, kichwa amekiinamisha, macho ameyafumba, jasho linamtiririka mashavuni. Kwenye kioo Taratibu aliona kwamba kila alipokaribia njia panda, ule mguu mzima wa mzee ulikandamiza sakafu. Akadhani ni maumivu. Hakuendesha vizuri hivyo siku nyingine yoyote, na hakuna aliyemtazama.

Daktari alisema mfupa hauna neno, ila mshipa wa kidole umevutika vibaya. Wakamfunga bandeji nene. Kitinda akarudi nyumbani, akafungua nati na bolti zote, akaurudisha usukani kwenye boksi lake, akawaaga wenzake wa mashindano na kufunga chumba.

Na Taratibu, tusidanganyane, siku za mwanzo alifurahi. Aliumia kwa ajili ya kidole cha baba yake, ndiyo, lakini chini ya maumivu hayo palikuwa na kitu kimelala kimeshiba. Jumamosi iliyofuata alijipamba, akaenda kwa mzee, akitarajia kwamba sasa siku hiyo itakuwa yake.

Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kavaa shati lake la kutokea. Vifungo alikuwa amevikosea, mkono mmoja haukuweza. Alikuwa amevaa ya kwenda, na pa kwenda hakuna.

"Twende nikutembeze, Baba."

"Hapana, mwanangu. Nashukuru."

"Basi nikupeleke kwa Kitinda."

"Kufanya nini? Chumba kakifunga. Nikifika ananiangalia mkono, machozi yanamlengalenga. Siwezi kukaa na mtu wa hivyo."

Taratibu akapiga magoti, akaanza kumfungua vifungo avipange upya. Pengine kwa sababu hakuwa anamtazama usoni ndiyo maana aliweza.

"Baba, si Kitinda aliyeongeza nguvu ya usukani ule. Ni mimi."

Mzee akauliza: "Kwa bahati mbaya?"

"Hapana. Nilitaka usukani umshinde yeye. Mbele yako."

"Kakukosea nini?"

"Ulimwambia ana mkono." Neno lilipotoka alilisikia lilivyo dogo, dogo kama malalamiko ya mtoto aliyenyimwa kipande cha muwa. Lakini lilikwisha kufungua mlango, na mengine yakafuata. "Mimi hata gari yangu hujawahi kupanda. Afadhali basi. Afadhali mkongojo. Kila mtu afadhali kuliko mimi."

Mzee aliutazama mkono wake wenye bandeji.

"Mimi siwezi kupanda gari inayoendeshwa na mtu," akasema. "Si yako tu. Ya mtu yeyote. Usukani ukiwa mikononi mwa mwingine na mimi naiona barabara, moyo unataka kunitoka. Utingo wangu nilikuwa namwacha alale, naendesha mwenyewe mpaka macho yanawaka. Kwenye basi nakaa nyuma kabisa, natazama dirisha la pembeni, nisione mbele. Sasa ningekuambiaje? Mwanangu mwalimu wa udereva, na mimi dereva mzima, naogopa gari."

"Na kwa Kitinda?"

"Kwa Kitinda akigonga ukuta, nani anakufa?"

Taratibu hakujua acheke au alie, akajikuta anafanya yote mawili, kichwa amekiegemeza kwenye goti la mzee. Baadaye akauliza, kwa sauti ya chini, kwa sababu wivu hauna haya: "Na mimi je, Baba? Nina mkono?"

"Nitajuaje? Juzi nilikuwa nimefumba macho."

Akamfuta machozi kwa ule mkono mzima. Lakini alipoinuka kuondoka, mzee alimwambia bila kutabasamu, "Ulilofanya ni baya. Kamwambie mwenzako. Na usimwambie mimi nimekutuma."

Akaenda siku ile ile. Kitinda alimsikiliza wakiwa wamesimama getini. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Wiki nzima silali, Dada. Nikifumba macho namwona Baba na mkono wake. Pale kazini nahesabu vidonge mara mbili mbili, naogopa nitaua mtu. Na wewe ulikuwa umesimama pale pale, unaniangalia."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nenda nyumbani."

Hakupaza sauti. Alifunga geti polepole, na hilo liliuma kuliko kama angelibamiza. Wifi naye, walipokutana sokoni, alimpa salamu kavu na kupita. Simu za Taratibu hazikupokelewa. Mumewe, alipoulizwa afanye nini, alisema rangi haishiki juu ya ukuta wenye unyevu, lazima usubiri ukuta ukauke. Taratibu akasubiri. Kazini alifundisha kama kawaida, ila mwanafunzi mmoja alimuuliza kama anaumwa, maana somo zima hakusema taratibu hata mara moja.

Kitinda alikuja mwenyewe. Alimkuta uwanjani pale shuleni, jioni, akipanga vile vigingi vya kufundishia kurudi nyuma. Aliegemea baiskeli yake, hakusogea karibu.

"Nimeutoa kwenye boksi," akasema. "Baba kanisumbua hapumziki. Nimeufunga, nimejaribu kuurekebisha. Haufanani na ulivyouweka wewe."

"Unataka nije?"

"Sitaki. Lakini njoo."

Akaenda. Walifanya kazi bila maneno mengi: punguza, ongeza kidogo, hapo. Walipomaliza, Kitinda aliweka neno la siri kwenye ile programu, tena aliinama mbele ya kibodi ili dada yake asione vidole vyake. Taratibu akaona kwamba ameinama. Alijua ni haki yake.

Siku ya mzee kwenda kufunguliwa bandeji, Taratibu aliomba ruhusa akaja na gari la shule badala ya lake. "Baba, hii ina breki ya pili upande wa abiria, ni ya mwalimu," alimwambia. "Kaa pale. Mimi nitaendesha, na wewe ukiogopa, kanyaga."

Mzee aliitazama pedali ile kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato baada ya kuzunguka mlima. Akapanda. Akafumbua macho. Na akakanyaga: kwenye njia panda, kwenye tuta, kwenye kivuli cha mti kilicholala barabarani. Magari ya nyuma yakapiga honi, mwendesha baiskeli mmoja akawatukana. Shati la mzee lilikuwa limelowa walipofika kliniki, na kofia yake imehamia sikioni. Taratibu alizima injini, akangoja. Mzee alipumua, akajipangusa uso.

"Ile kona ya sokoni," akasema, "umeiingia vizuri."

Alishuka, akajikongoja kwenda ndani, na Taratibu akabaki kitini akitabasamu peke yake kama mwendawazimu, mpaka mlinzi akamwambia hapo si pa kuegesha.

Siku hizi Jumatatu, siku ya mazoezi ya mguu, ni yake. Jumamosi ni ya Kitinda. Mzee anapelekwa hadi getini na gari la shule, akikanyaga njia nzima, kisha anaufuata ule usukani bila hata kugeuka nyuma. Wifi huleta vikombe, na mazungumzo yamerudi, japo bado yana chumvi kidogo. Kutoka uani sauti ya mzee hufika mpaka barabarani: kata, kata sasa, mwanangu, kata. Taratibu huisikia akiwa bado ndani ya gari, mikono juu ya usukani, na pale mahali pake moyoni hapaachi kuchoma. Hukaa hapo kidogo mpaka patulie. Kisha hushuka, hufunga mlango, na kuingia ndani kuwasalimu.